Mizani ya Mbingu na Dhahabu ya Salamabila

Alasiri ya tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa juu ya Kongo. Kivuli cha mwezi kilianzia Amerika ya Kusini, kikaikata Brazil, kikavuka bahari ya Atlantiki na kupita juu ya kisiwa kidogo cha Principe, kisha kikaingia bara la Afrika na kushuka kuelekea kusini-mashariki juu ya misitu ya Kongo hadi ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Kasongo na Kabambare, katika mkoa wetu wa Maniema, zilikuwa pembezoni mwa njia hiyo. Saa kumi ilikuwa imepita, jua limekwisha kuinama upande wa mto Lualaba, na hapo likafunikwa karibu lote.

Ulikuwa wakati mzito. Vita vya dunia vilikuwa vimemalizika miezi michache tu nyuma, na wapagazi wengi wa mashariki ya Kongo waliobeba mizigo ya jeshi hadi Tabora mwaka 1916 hawakurudi kwao. Mtu aliyepotewa na ndugu, akiona mchana unageuka magharibi kabla ya saa yake, ana haki ya kuuliza mbingu zinasema nini. Waislamu, ambao Kasongo wamekuwepo tangu enzi za misafara, wana mafundisho ya zamani kuhusu jambo hili: jua na mwezi havipatwi kwa sababu ya kifo wala uzazi wa mtu yeyote. Ni ishara za Mungu, na anayeziona husimama kuswali. Naliona fundisho hilo kuwa kubwa sana. Linamwondolea mtu hofu ya uchawi na mikosi, na papo hapo linamwachia staha yake mbele ya Muumba.

Kivuli hichohicho, kama nusu saa kabla hakijafika kwetu, kilikuwa kimewapitia Waingereza wawili kule Principe, Arthur Eddington na Edwin Cottingham, waliokuwa na darubini na vioo vya picha. Wenzao wawili walikuwa Sobral, nchini Brazil. Walitaka kupiga picha za nyota zilizo karibu na jua, ambazo zikiwa hapo hazionekani ila jua linapozimwa. Swali lao lilikuwa moja: je, uzito wa jua huipinda nuru ya nyota inayopita karibu nalo, na kwa kiasi gani?

Isaac Newton alikuwa ametawala elimu ya mvutano kwa zaidi ya miaka 230. Kwa hesabu zake, nuru ikichukuliwa kuwa na uzito kama vitu vingine, ingepinda kiasi fulani. Albert Einstein, aliyekamilisha nadharia yake ya uhusianifu wa jumla mwezi Novemba 1915, alisema itapinda mara mbili ya hapo, kwa kuwa jua halivuti nuru kwa kamba isiyoonekana, bali huipinda nafasi yenyewe ambamo nuru inasafiri. Chukua digrii moja, uigawe sehemu 3,600. Newton alitaka sehemu moja kasoro, yaani 0.87. Einstein alitaka 1.75. Sobral walipata 1.98, Principe 1.61, na tarehe 6 Novemba 1919 jijini London ikatangazwa kwamba ushahidi umeegemea upande wa Einstein.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu ndiyo siku ambayo mbingu ziliulizwa waziwazi kuamua kati ya nadharia mbili za mvutano, na swali likaulizwa chini ya kivuli kilichotupitia sisi. Watu wa Maniema walikuwamo ndani ya jaribio lile, ingawa hakuna aliyewaambia.

Mtu anaweza kudhani kwamba baada ya hapo kesi ilifungwa. Haikufungwa, na ni vizuri haikufungwa. Kuanzia miaka ya 1970 Vera Rubin na wenzake walipima mwendo wa nyota katika galaksi nyingi, wakaona kwamba zile za pembezoni zinazunguka kwa kasi kubwa mno. Kwa wingi wa maada tunayoiona, zilipaswa kwenda polepole. Mwaka 1998 makundi mawili ya wanafalaki yakagundua kwamba upanukaji wa ulimwengu unazidi kushika kasi, badala ya kupungua. Hapo njia mbili zikafunguka. Ama kuna maada na nguvu za giza ambazo hatujawahi kuzishika, ama sheria ya mvutano tuliyo nayo haijakamilika.

Njia ya pili iliwavuta watu makini. Carl Brans na Robert Dicke walikuwa wametangulia mwaka 1961 kwa nadharia ambayo ndani yake nguvu ya mvutano yenyewe inaweza kubadilika kutoka mahali hadi mahali. Mwaka 1974 Gregory Horndeski, mwanahisabati, aliandika kanuni moja pana inayokusanya jamii nzima ya nadharia za namna hiyo, kisha akaacha fizikia na kuwa mchoraji. Kanuni yake ililala miaka mingi kabla ya wengine kuifufua. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom wa Israeli akapendekeza kwamba Newton anakosea pale mvutano unapokuwa dhaifu mno, na mwaka 2004 Jacob Bekenstein akalijengea wazo hilo nadharia kamili inayoweza kupimwa. Hawa hawakuwa watu wa ubishi. Waliiona kazi ya Mungu ina pande ambazo hesabu zetu hazijazifikia, wakatafuta.

Tatizo lilikuwa kwamba nadharia hizi, nyingi kati yake, zilitengenezwa kwa ustadi kiasi kwamba hapa jirani, kwenye jua na sayari zake, zinatoa majibu yaleyale ya Einstein. Kuzitofautisha kulihitaji mahali ambapo mvutano ni mkali kupita kiasi, au ujumbe uliosafiri masafa marefu mno. Vyote viwili vilikuja pamoja, vimebebwa na mawimbi.

Einstein aliyatabiri mawimbi ya mvutano mwaka 1916. Ikiwa uzito hupinda nafasi, basi vitu vizito sana vikizungukana kwa kasi vitaitikisa nafasi hiyo, na mtikisiko utasambaa kila upande kwa kasi ya nuru. Unapopita, hunyoosha vitu upande mmoja na kuvibana upande wa pili, kisha hugeuza. Hauzuiliwi na mlima wala bahari. Dunia nzima haiupunguzii kitu.

Ushahidi wa kwanza haukuwa wa moja kwa moja. Russell Hulse na Joseph Taylor waligundua mwaka 1974 nyota mbili za nyutroni zinazozungukana, na miaka ya kupima ikaonyesha zinakaribiana taratibu, zikipoteza nguvu kwa kiwango kilekile ambacho Einstein angetaka. Lakini kulishika wimbi lenyewe kulisubiri hadi tarehe 14 Septemba 2015. Siku hiyo, saa tano na dakika hamsini asubuhi kwa saa za Maniema, mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani, mmoja Hanford na mwingine Livingston, ilitikiswa na mashimo meusi mawili, vitu ambavyo mvutano wake hauiachii hata nuru kutoka, yaliyogongana na kuungana miaka kama bilioni 1.3 iliyopita. Moja lilikuwa na uzito wa majua kama 36, la pili 29. Lililozaliwa lilikuwa na 62. Uzito wa majua matatu ulikuwa umegeuka mawimbi katika sehemu ndogo ya sekunde.

Kila mtambo una mikono miwili yenye urefu wa kilomita 4, na miale ya leza inayokwenda na kurudi ikipima kama mkono mmoja umerefuka kuliko mwenzake. Mabadiliko yaliyopimwa ni sehemu moja kwa bilioni ya trilioni. Tuyalete kwetu. Kutoka Kasongo hadi Kabambare, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 120. Asubuhi ile umbali huo ulirefuka na kufupika, na kila aliyekuwa juu yake, mwenye pikipiki aliyekwama kwenye matope, mama mwenye mzigo wa mihogo, mtoto aliyelala mgongoni, alinyooshwa na kubanwa pamoja nao. Kiasi chenyewe kwa umbali wote huo hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya upana wa protoni iliyo ndani ya atomu. Na binadamu, kiumbe wa udongo, amepewa akili ya kukipima.

Siku iliyobadili mjadala wa nadharia, hata hivyo, ilikuja miaka miwili baadaye, tarehe 17 Agosti 2017. Ndiyo ninayotaka kukaa nayo zaidi.

Katika galaksi iitwayo NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130, nyota mbili za nyutroni zilikuwa zikizungukana. Nyota ya nyutroni ni mzoga wa nyota kubwa iliyolipuka. Uzito wake unazidi wa jua letu, na upana wake mtu angeutembea kwa miguu kwa siku moja. Zilikaribiana, zikaongeza kasi, zikagongana. Wimbi lilisafiri miaka hiyo milioni 130 likafika kwetu saa nane na dakika arobaini na moja mchana kwa saa za Maniema.

Nimepiga hesabu ya mahali galaksi hiyo ilipokuwa angani saa ile. Ilikuwa juu sana kwetu, karibu na utosi, imefichwa na mwanga wa mchana. Upande wa dunia ulioelekea huko moja kwa moja ulikuwa ule wa Mlango wa Msumbiji. Kwa hiyo wimbi lilishuka juu ya Kasongo na Kabambare kwanza, kisha likafika Italia, kwenye mtambo wa Virgo karibu na Pisa, yapata sehemu 13 za elfu za sekunde baadaye. Kisha likapenya ndani ya dunia hadi Livingston, na halafu Hanford. Liliwapitia watu wa Maniema kabla ya kuifikia mitambo iliyojengwa kulisubiri.

Katika mitambo ya Marekani ishara yake ilidumu sekunde kama 100, ikipanda kutoka sauti nzito kwenda nyembamba. Kisha, sekunde 1.7 baada ya mgongano, satelaiti iitwayo Fermi ikaona mmweko wa miale ya gama kutoka upande huohuo wa anga. Hizo sekunde 1.7 ndizo hukumu. Wimbi la mvutano na nuru vilitoka mahali pamoja, vikasafiri miaka milioni 130, vikafika vimepishana kwa muda usiotosha mtu kuvuta pumzi mbili. Na huenda hata kupishana huko kulianzia kwenye chanzo, nuru ikichelewa kutoka ndani ya vifusi vya mgongano. Kasi ya mvutano na kasi ya nuru, kama zinatofautiana, hazipishani kwa zaidi ya sehemu chache kwa kila milioni bilioni.

Nadharia nyingi za jamii ya Horndeski, zile zilizotaka kueleza upanukaji wa ulimwengu bila nguvu ya giza, zilihitaji mvutano usafiri kwa kasi tofauti na nuru. Zilianguka siku hiyo. Nadharia ya Bekenstein, kwa sura yake ya mwanzo, nayo ilipata pigo, kwa sababu nyingine inayopendeza zaidi. Njiani wimbi na nuru vyote vilipita katika mvutano wa galaksi yetu, na mvutano huo huchelewesha kila kipitacho. Einstein anasema vitacheleweshwa sawasawa. Katika nadharia zinazoiga maada ya giza bila kuwa nayo, nuru hufuata njia moja na wimbi jingine, na vingefika vimepishana kwa zaidi ya mwaka mzima. Vilipishana sekunde 1.7.

Nawaheshimu waliozitunga nadharia zile. Walitoa kauli ambazo zingeweza kukanushwa, wakasubiri. Ndio uaminifu wa elimu. Na ninapowaza kwamba jibu lilikuwa limekwisha kuanza safari wakati mijusi wakubwa wa kale wangali wanatembea juu ya ardhi, kabla ya kuwepo mtu hata mmoja wa kuuliza, natamka jina la Mwenyezi Mungu. Sina neno jingine linalotosha.

Kulikuwa na ushahidi mwingine mchana ule, nao ulikuwa wa ukimya. Virgo, ingawa ilikuwa kazini, haikusikia karibu kitu. Chanzo kilikuwa upande ambao mtambo ule, kwa jinsi mikono yake ilivyolala, haupokei vizuri. Wanafalaki walitumia ukimya huo kubana eneo la kutafuta angani, na hiyo ikasaidia darubini kuipata galaksi yenyewe siku ileile. Mahali pa chanzo palipojulikana kwa uhakika, wakauliza swali jingine: wimbi linatikisa kwa namna gani? Kwa Einstein ziko namna mbili tu, moja ikinyoosha na kubana kwa umbo la alama ya kujumlisha, nyingine kwa umbo la alama ya kuzidisha. Nadharia nyingine huruhusu hadi namna sita, na mojawapo hutanua na kusinyaza kila upande kwa pamoja. Vipimo vya mitambo mitatu vilikaa upande wa Einstein kwa nguvu.

Sasa dhahabu.

Katika eneo la Kabambare, upande wa Salamabila na Namoya, watu wanachimba dhahabu. Mchimbaji mdogo anachimba kwa beleshi, anaponda mawe, kisha anaosha. Tazama anavyoosha. Anaweka mchanga ndani ya beseni, anaingiza maji, anatikisa kwa mzunguko, anaachia maji yatoke pembeni kidogokidogo. Mchanga unakwenda na maji, weusi wa chuma unabaki kitambo, na mwisho, ikiwa kuna riziki, chini kabisa zinabaki punje za manjano zinazokataa kuondoka. Kwa nini zinakataa? Sentimita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa gramu 2.65. Ya dhahabu ina gramu 19.3. Mvutano wa dunia unazishika punje zile mara saba zaidi, na maji hayana nguvu ya kuziinua. Mchimbaji hana mtambo wala kitabu. Chombo anachokitumia ni mvutano, na anaujua kwa mikono yake kuliko wengi tunaouandika.

Dhahabu hiyo haikuzaliwa Kabambare. Haikuzaliwa hata ndani ya jua. Tanuri la jua hugeuza haidrojeni kuwa heli, na nyota kubwa kuliko jua huendelea hadi chuma, kisha basi. Dhahabu huhitaji nyutroni nyingi mno, zimiminwe kwa ghafla juu ya viini vya atomu. Kwa miaka mingi wataalamu walikisia kwamba migongano ya nyota za nyutroni ndiyo inayoweza kufanya hivyo. Agosti 2017 waliutazama mgongano mmoja kwa macho ya darubini. Mwanga ulitokea wa buluu, na katika siku chache ukageuka mwekundu, kama ilivyotabiriwa kwa wingu linalotengeneza metali nzito. Baadaye, mwaka 2019, alama ya strontiamu, mojawapo ya metali za namna hiyo, ilitambuliwa wazi ndani ya mwanga huo. Makadirio ya dhahabu iliyotoka pale ni mara kadhaa ya uzito wa dunia yetu nzima.

Inawezekana zipo njia nyingine ambazo dhahabu hupikwa, na wataalamu wanazichunguza. Lakini hii moja tumeishuhudia. Punje za Salamabila zilitoka katika matukio yaliyotangulia kuzaliwa kwa jua, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita, huenda kama hili: nyota zilizokufa, zikazungukana, zikavutwa hadi zikagongana. Vumbi lake likachanganyika na mawingu ambayo Mungu aliyakusanya kuwa jua na sayari. Maji ya moto chini ya ardhi yakaiyeyusha dhahabu na kuiweka katika nyufa za mawe meupe, mito ikaimomonyoa, na mtu akaja na beseni. Mvutano uliizaa kwa kuzigonganisha nyota, na mvutano ndio unaoitenga na mchanga mkononi mwa kijana wa Kabambare. Sheria ni moja. Mgongano uleule uliopima kama Einstein ana haki ulitupa na jibu la swali ambalo mchimbaji anaweza kuliuliza: hii imetoka wapi?

Nasema kwa uchungu kwamba juu ya dhahabu hiyo watu wameuawa, vijiji vimekimbiwa, watoto wameacha shule. Kitu kilichochukua mamilioni kwa mamilioni ya miaka kuandaliwa hakikuandaliwa kwa ajili hiyo.

Nirudi kwenye mashimo meusi, maana huko ndiko mvutano ulikofika mwisho wa ukali wake, na Waswahili tuna sehemu katika kisa chake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikibeba satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kupima eksirei za angani. Ikapewa jina la Uhuru. Vipimo vyake ndivyo vilivyowaelekeza wanafalaki kwenye Cygnus X-1, kitu cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Wakati ule shimo jeusi lilijulikana kwa joto la gesi inayotumbukia ndani yake. Leo linajulikana kwa wimbi lake lenyewe.

Kila ngoma ina sauti yake, kulingana na ukubwa wake na ngozi iliyowambwa, na mzee aliyezoea huitambua bila kuiona. Mashimo meusi mawili yakiungana, lile jipya hutetemeka kwa muda mfupi kabla ya kutulia, na mtetemo huo una sauti. Kwa Einstein, sauti hiyo huamuliwa na mambo mawili tu: uzito wa shimo na kasi ya kujizungusha kwake. Hakuna la tatu. Nadharia nyingine nyingi zingeongeza jambo la tatu, na sauti ingebadilika.

Tarehe 14 Januari 2025 mitambo ya LIGO ilipokea wimbi lililo wazi kuliko yote yaliyotangulia. Mashimo mawili, kila moja likiwa na uzito wa majua thelathini na kitu, yaliungana umbali wa miaka ya nuru kama bilioni 1.3. Wimbi lilisikika vizuri kiasi kwamba zilitambulika sauti mbili za mtetemo, na zote zilikubaliana na shimo la Einstein. Kisha wakapima jambo ambalo Stephen Hawking alilisema mwaka 1971: kwamba eneo la uso wa mashimo meusi kwa jumla halipungui kamwe. Kabla ya kuungana, nyuso za yale mawili zilikuwa na jumla ya kilomita za mraba kama 240,000, pungufu kidogo ya mikoa miwili mikubwa kama Maniema. Baada ya kuungana zilikuwa kama 400,000, Maniema tatu. Uzito ulipungua kwa sababu mawimbi yaliuchukua, lakini uso uliongezeka kama Hawking alivyosema. Yeye alifariki Machi 2018, hakuliona.

Je, Einstein ameshinda moja kwa moja? Siamini hivyo, na wanaofanya kazi hii hawaamini hivyo. Nadharia yake haipatani na elimu ya chembe ndogo kabisa, na ndani ya shimo jeusi hesabu zake zinafika mahali zinakatika. Kuna nadharia mbadala zilizopona mwaka 2017, zile ambazo mvutano wake husafiri sawasawa na nuru, na bado zinasubiri zamu. Kinachonigusa ni kwamba kila swali likiulizwa kwa uangalifu, mbingu zinajibu, na jibu halibadiliki kwa kuwa aliyeuliza ni mkubwa au mdogo.

Shirika la Anga la Ulaya liliidhinisha mwezi Januari 2024 mradi wa LISA, vyombo vitatu vitakavyoelea angani katika umbo la pembetatu, kila kimoja mbali na mwenzake kilomita milioni 2.5. Vinatarajiwa kurushwa katikati ya miaka ya 2030. Vitasikiliza mawimbi marefu ambayo mitambo ya ardhini haiwezi kuyasikia, kama ya shimo dogo linalozunguka shimo kubwa lililo katikati ya galaksi, mizunguko maelfu kwa maelfu kabla ya kumezwa. Kila mzunguko utakuwa kipimo cha mvutano, na tofauti ndogo sana na Einstein, ikiwepo, itajilimbikiza hadi ionekane. Mtoto anayeanza darasa la kwanza Kabambare sasa atakuwa karibu kumaliza sekondari.

Hahitaji kungoja hadi hapo. Takwimu za LIGO na Virgo zimewekwa wazi kwa kila mtu, bila malipo, pamoja na programu za kuzichambua. Zile za tarehe 17 Agosti 2017 zimo, zote sekunde kwa sekunde. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti ya kutosha kupakua faili moja anaweza kuliona wimbi likipanda kwenye kioo chake, akaweka alama pale linapokatika, akahesabu sekunde 1.7 hadi mmweko wa Fermi, akagawanya kwa miaka milioni 130, na kulipata jibu kwa mkono wake mwenyewe.